Karatasi Tatu kwa Siku

Nina ugonjwa wa kukisia. Nikiingia ukumbini nahesabu viti kabla sijaketi, nikipewa sahani ya wali naanza kuwaza sufuria ilikuwa ya kilo ngapi. Ugonjwa huo niliurithi kwa mamangu, aliyekuwa mpishi wa shughuli pale Mjambere nilikokulia, mtu wa kuitwa kwenye harusi, ubatizo na matanga, na ambaye hajawahi kumiliki mizani maishani mwake. Akiambiwa watu ni mia mbili, haulizi mchele uko wapi. Huuliza, "Watakuja saa ngapi?" Nikiwa msichana mdogo niliona ni swali la kupoteza wakati, maana mia mbili ni mia mbili hata wakija vipi. Siku moja nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Ngoja waje wote kwa pamoja," akasema, "ndipo utajua mia mbili ni wangapi."

Leo mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta, na sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote ni hiyo hiyo ya kukisia. Mtu akitaka kuhamisha kumbukumbu za ofisi yake kutoka mashine iliyochoka kwenda mashine mpya, huniita nimwambie hiyo mpya iwe na ukubwa gani. Wengi hudhani kuna kitabu kinachosema. Hakuna. Kuna kukaa, kutazama, kuuliza maswali ya kipumbavu, kisha kuandika tarakimu kwa mkono usiotetemeka. Mkono wangu ulikuwa hautetemeki hata kidogo wakati huo, na nilijisifu kwa hilo.

Miaka michache iliyopita niliitwa na hospitali moja ya kibinafsi huko Likoni, jengo la ghorofa moja kando ya njia ya kwenda Shika Adabu. Hifadhidata yao, yaani orodha nzima ya wagonjwa, dawa, vipimo na barua, ilikuwa ndani ya kompyuta moja iliyowekwa chini ya ngazi, na feni yake ilikoroma hadi ikasikika dirishani. Daktari mkuu, ambaye ndiye mwenye hospitali, alikuwa mtu wa maneno machache. Alitaka mambo matatu. Kila kitu kihamishwe bila kupotea hata jina moja. Inunuliwe seva mpya itakayotosha kwa miaka mingi. Na zile printa nne ndogo zilizotapakaa madirishani ziondolewe, mahali pake pawekwe printa moja kubwa ukumbini itakayofanya kazi ya zote.

"Wewe nipe ukubwa tu," aliniambia. "Seva ya kumbukumbu kiasi gani, na printa ya kasi gani. Usinipe hadithi."

Nilimwomba wiki mbili za kutazama. Akanipa kiti na meza karibu na chumba cha sindano, na hapo ndipo raha yangu ilipoanza.

Kuhusu seva, hesabu ya kwanza ni rahisi. Diski ni stoo: unajumlisha vitu vyote vilivyomo, unaongeza nafasi ya vitakavyokuja, umemaliza. Kumbukumbu ya kazi ndiyo yenye fumbo. Hiyo ni meza ya jikoni, pale unapotandaza vitu unavyovikatakata sasa hivi, na ukubwa wake hautegemei stoo ina magunia mangapi. Unategemea wapishi wangapi watasimama hapo kwa wakati mmoja. Ilinibidi basi nijue ni watu wangapi wanaiuliza ile kompyuta maswali, na wanauliza lini.

Nilianza na stoo. Nilitarajia majina ya watu ndiyo yatakuwa mazito, kwa kuwa yalikuwa maelfu, lakini majina hayana uzito wowote. Jina la mtu, umri wake na maradhi yake yote ya miaka kumi huingia mahali padogo kuliko picha moja ya barua. Na picha za barua zilikuwa hazihesabiki. Mtu mmoja alikuwa akiipiga picha kila karatasi iliyoingia hospitalini, mbele na nyuma, hata zile ambazo nyuma yake hapakuandikwa chochote. Nilifungua moja baada ya nyingine: nyeupe, nyeupe, nyeupe, moja ina doa la chai. Sehemu kubwa ya stoo ilikuwa migongo mitupu ya karatasi. Nilimwendea karani wa takwimu, kijana mpole mwenye miwani, nikamuuliza sababu.

"Daktari alisema kila kitu," akanijibu.

Nikamwendea daktari. Akasema ndiyo, alisema kila kitu, na kila kitu kitahama. Basi nikaiongeza migongo mitupu kwenye hesabu, nikicheka peke yangu.

Kilichonishughulisha zaidi ni saa. Niliweka kiprogramu cha kuandika kila dakika ile kompyuta inabeba mzigo gani, na siku ya tatu nilipoutazama mchoro niliona kitu cha ajabu. Asubuhi mzigo ulikuwa wa wastani. Kuanzia alasiri ulipanda na kushuka, ukapanda tena na kushuka, vilima vidogo vinavyofuatana, na baina ya kilima na kilima utulivu mtupu. Nilifikiri ni hitilafu ya umeme. Kisha nikafikiri ni kiyoyozi. Nilikaa siku nzima nikihisi kwamba jengo lile linapumua na mimi sijui mapafu yako wapi.

Aliyenitoa gizani ni mama wa dirisha la nne. Alikuwa mwenyeji wa Likoni, wa zile familia za wakulima zilizokuwapo kabla ya lami, na alikuwa amekaa kwenye dirisha lile miaka mingi kuliko daktari mwenyewe. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza nimelalaje, wazazi wamelalaje, na Kisauni ninakokaa imelalaje, ndipo nikaruhusiwa kupita. Siku hiyo alinikuta nimesimama mlangoni na daftari, ninahesabu wanaoingia.

"Wawahesabu watu kama mbuzi?" akaniuliza.

"Mama, nataka kujua kwa nini wanakuja kwa mafungu."

Alinitazama kwa huruma kabisa. "Wewe hupandi kivuko?"

"Napanda kila siku."

"Sasa kivuko kikishusha watu, kinashusha mmoja mmoja?"

Nilitaka kujificha. Watu wa Likoni hufanya kazi kisiwani Mombasa, jioni hurudi, na anayeumwa hupitia hospitali kabla ya kwenda nyumbani. Kila kivuko kilipofungua mlango wake, robo saa baadaye madirisha yetu yalijaa, printa zikalia zote kwa pamoja, kisha kimya mpaka kivuko kingine. Mimi mwenyewe nilishushwa ndani ya fungu kama hilo kila asubuhi na sikujiona. Nilimkumbuka mamangu na swali lake la saa ngapi, nikampigia simu nimweleze, naye akasema ana maharagwe motoni nimpigie baadaye.

Nilipata tarakimu zangu. Nilichukua kilima kirefu kuliko vyote, nikakiongezea nusu yake kwa ajili ya siku za mvua na homa, nikaandika gigabaiti ninazozitaka. Kwa printa nilifanya vivyo hivyo. Kila printa ina kihesabio ndani yake kinachokumbuka imetoa karatasi ngapi tangu itoke kiwandani, na nilivisoma vyote asubuhi na jioni. Dirisha la usajili, mamia. Maabara, mamia. Duka la dawa, zaidi ya hayo yote, maana kila pakiti ina kikaratasi chake. Dirisha la nne, tatu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Kesho yake ilikuwa mbili. Siku iliyofuata ilikuwa tatu tena, na baada ya hapo hakuna hata moja. Ilikuwa printa ndogo ya zamani, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa chenye maua pembeni, na ilikuwa inashika nusu ya kaunta.

"Mama, printa hii inatoa karatasi tatu tu kwa siku?"

"Siku nyingine haitoi, alhamdulillahi."

Leo nikilikumbuka jibu hilo naona haya. Karatasi za dirisha la nne zilikuwa ruhusa za kutoa maiti. Mgonjwa akifariki wodini, daktari anaandika yake, mama yule anaandika yake, karatasi moja inachapwa, inapigwa mhuri, na askari wa geti la nyuma hafungui mpaka ameiona. Wala sisemi kwamba nilikuwa sijui. Nilijua. Katika jedwali langu la aina zote za karatasi, ruhusa ya kutoa maiti ilikuwa na safu yake, baina ya matokeo ya damu na barua ya kwenda hospitali nyingine: ukurasa mmoja, hauna picha, mwepesi, tatu kwa siku. Niliipa haki sawa na karatasi nyingine. Na hapo malezi yangu pia yalinikosesha. Wazazi wangu walishuka kutoka Kaloleni, na kwetu maiti hungoja. Hungoja mtoto aliye Nairobi, hungoja mjomba apate ruhusa kazini, hungoja Jumamosi. Wiki mbili si kitu. Nimekulia na majirani Waislamu, nimeona mtu akifa alfajiri na kuzikwa adhuhuri ya siku ile ile, nimebeba maji ya kuoshea vyombo kwenye vilio vyao. Nililijua jambo hilo tangu utotoni. Sikuliweka tu kwenye hesabu.

"Hiki kidude kiwache hapa," mama akaniambia nilipomweleza kuhusu printa kubwa.

"Mama, ile kubwa inatoa karatasi arubaini kwa dakika. Zako tatu hazifiki sekunde tano."

"Mimi sijakwambia ni nyingi."

Nilitabasamu kama mtu anayemvumilia bibi yake. Yeye hakubishana. Daktari alikuwa amekwisha kuamua, na mimi nilikuwa na tarakimu. Siku ya kukusanya printa za zamani aliniambia yake ataitoa kesho, akaifunga kwa kile kitambaa chake, akaitia kabatini na kugeuza ufunguo. Kesho hiyo haikufika, na mimi nikaona si neno.

Nikazidisha jambo jingine. Zamani, stima ikikatika, ruhusa hizo ziliandikwa kwa mkono. Nilimshauri daktari alipige marufuku hilo: kila ruhusa itoke kwenye mfumo na iwe na nambari yake, ili pasiwe na maiti aliyetoka na hifadhidata haina habari naye. Daktari akalipenda. Askari wa geti akapewa amri.

Tulihamisha Jumapili mchana, na kazi ilikwenda vizuri hata nikaogopa. Majina yote yalifika, picha zote zilifika, na migongo mitupu yote ilifika salama. Jumatatu jioni nilisimama mlangoni nikangoja kivuko. Watu walipomiminika, ile seva mpya haikutikisika. Printa kubwa ilitema karatasi moja juu ya nyingine na kila mtu akachukua yake. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, na nilikuwa na kila sababu.

Jumatano nilikuwa Shanzu, kwenye hoteli moja ufukweni iliyotaka kubadilisha mfumo wake wa vyumba. Saa nne unusu asubuhi simu ikalia. Alikuwa mama wa dirisha la nne, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza nimelalaje.

"Mwanangu, hii printa yenu inafikiri."

"Inafikiri nini, mama?"

"Sijui. Tangu saa tatu inafikiri tu. Ina taa ya kijani, yawaka yazima, na haitoi kitu. Nina ruhusa moja ndani yake. Kuna mama mmoja amefariki baada ya swala ya alfajiri, na mwanawe yuko hapa dirishani. Wanataka kuzika adhuhuri."

Nilimwambia amwite karani wa takwimu, na kwa maswali machache mambo yakajieleza. Saa tatu karani alikuwa ameagiza ripoti ya mwezi. Kwenye mfumo mpya ripoti hiyo hubeba viambatisho vyake vyote, yaani zile picha za barua, mbele na nyuma. Printa nayo ina kumbukumbu yake, ndogo, ya kushika ukurasa mpaka uchapwe. Mimi nilikuwa nimeipima kwa kurasa za maandishi, na kwa hizo ilitosha na kubaki. Mlima wa picha ulipoiingia, ikakwama. Karani alipoona haitoi, akabonyeza tena. Akabonyeza mara nne. Ruhusa ya yule mama marehemu ilikuwa ya tano, imesimama kwenye foleni nyuma ya migongo mitupu ya karatasi.

Niliwaambia waizime printa na kuiwasha. Foleni haikuwa ndani ya printa, ilikuwa ndani ya seva, kwa hiyo ilipowaka ikaanza kufikiri upya. Seva ilikuwa chumbani, mlango umefungwa, ufunguo mmoja ninao mimi na mwingine anao daktari, na daktari alikuwa Malindi kikaoni, simu imezimwa. Njia ya kuifikia seva nikiwa mbali nilikuwa nimepanga kuitengeneza wiki ile ile, siku ya Ijumaa.

Mama wa dirisha la nne alikuwa ameshajaribu yake. Alifungua kabati, akatoa printa yake, akaichomeka. Ikawaka vizuri sana, lakini seva mpya ilikuwa haijui kama kuna kitu kama hicho duniani. Kisha akaandika ruhusa kwa mkono, kwa ule mwandiko wake mzuri, akapiga mhuri, akampa yule mwana wa marehemu aipeleke getini. Askari akamrudisha. Nikaomba nizungumze na askari.

"Fungua, tafadhali," nikamwambia.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeleta mfumo."

"Basi huo mfumo wako ndio uliotuambia tusifungue, dada," akasema, bila ukali wowote. "Nikifungua, kazi yangu imekwenda. Njoo wewe mwenyewe ufungue."

Nilikuwa ncha moja ya Mombasa na hospitali iko ncha nyingine. Nilichukua pikipiki kutoka Shanzu, tukavuka daraja, tukapita kisiwani, na njia nzima nilikuwa nakisia kwa dakika, kwa taa za barabarani, kwa malori. Nilifika kivukoni nikaona kivuko ndiyo kwanza kinaondoka. Nilisimama pale pamoja na mamia ya watu, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu mtu. Nilifikiria nyumba moja huko Likoni nisiyoijua, ambamo wanawake walikuwa wamekwisha kuteka maji, sanda imekatwa, kitanda cha kuoshea kimewekwa tayari. Makaburini watu walikuwa wanachimba au wameshamaliza, wamekaa chini na majembe yao. Wote hao walikuwa wanangoja karatasi moja. Adhana ya adhuhuri ilinikuta katikati ya maji. Nilikuwa na hofu na aibu kwa wakati mmoja, na sikumbuki kama niliwahi kuwa nazo zote mbili kwa ukubwa ule.

Saa saba kasoro niliingia hospitalini nikikimbia. Nilifungua chumba cha seva, nikazifuta zile ripoti nne moja moja, kisha nikatoka hadi ukumbini. Printa kubwa ikanguruma kidogo na kutoa karatasi ya kwanza, ile ruhusa. Haikufika sekunde tano. Hilo nilikuwa nimelikisia sawasawa.

Niliichukua mwenyewe, bado ina moto, nikampelekea mama akapiga mhuri. Mwana wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya dirisha, mtu wa makamo, amevaa kanzu, kofia ameishika mikononi. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Ningependelea anifokee.

"Pole sana, kaka," nikamwambia.

"Nishapoa." Aliipokea karatasi, akaisoma yote, hata nambari iliyo chini. "Tutamzika baada ya alasiri, inshallah. Nimeshawapigia simu." Kisha akaniuliza, "Ilikuwa ni nini hasa?"

Niliona anataka kujua kweli. Aliniambia yeye hutengeneza injini za boti, na mashine ikikwama hapendi kuambiwa imekwama tu. Nikamweleza. Nilimwambia habari ya kumbukumbu ya printa na picha nzito, na jinsi foleni inavyofuata aliyetangulia kuingia. Alisikiliza hadi mwisho, akigeuza kofia yake.

"Yaani mamangu alikuwa nyuma ya ripoti."

"Ndiyo."

"Na mashine haikujua ni nani wa kupishwa?"

"Haikuambiwa."

"Haikuambiwa na nani?"

Ningeweza kumtaja karani aliyebonyeza mara nne. Ningeweza kumtaja daktari aliyetaka printa moja. Maneno hayo yalikuja yote hadi mdomoni.

"Na mimi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa penye ufa. Akavaa kofia yake na kusimama.

"Basi iambie, dada," akasema. "Sote tuko njiani."

Akaenda. Nilisikia geti la nyuma likifunguliwa, gari likitoka, na geti likifungwa. Mama wa dirisha la nne hakunilaumu. Alisogeza tu mafaili yake pembeni, akaweka ile printa ndogo kaunta mahali pake pa zamani, akakaa akiningoja.

Kazi ilinichukua hadi alasiri. Niliijulisha seva printa ile, nikaipa foleni yake peke yake isiyoingiliwa na kitu chochote, nikaandika kwamba ruhusa ya kutoa maiti itoke pale tu na itangulie kila kitu. Nilipomaliza palibaki kuijaribu. Fomu ile haichapi ikiwa tupu. Inataka jina, umri, na saa.

"Niweke jina la nani, mama?"

Akavaa miwani yake. Nilifikiri kuandika jina la uongo, lakini kila jina nililolifikiria lilikuwa la mtu fulani. Nikaandika langu. Nikaweka umri wangu, nikaweka saa ile ile iliyokuwa ukutani, nikabonyeza.

Printa ndogo ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaitoa. Mama aliichukua na kuisoma taratibu, jina langu, umri wangu, kisha akanitazama mimi juu ya miwani yake. Akaichana vipande vinne, akavitupa kwenye kapu, akaanza kukinyoosha kile kitambaa chake cha maua.

"Imetoka upesi," akasema.